Samahani ya Mzee Kona

Mtaani kwetu wanasema Mzee Kona aliacha gari mwenyewe, kwa hiari yake, kama mtu mzima mwenye busara. Wanamsifu. Hata shangazi yangu, ambaye sijawahi kumsikia akimsifu kaka yake kwa lolote, alipiga simu kumpongeza. Mimi ni binti yake, naishi naye nyumba moja tangu mama afariki, na nasema huo ni uongo mtupu. Baba hakuacha gari. Aliachishwa, tena kwa njia ambayo mpaka leo nikiikumbuka naacha sahani ya chakula mezani.

Nianze na mtu mwenyewe. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji mpaka akastaafu, na kazi yake ilikuwa karatasi. Mpe karatasi mbili akiwa amefumba macho, atazisugua kwa kidole gumba akwambie ipi nzito, ipi imekula unyevu na ipi itakwama kwenye mashine. Alipostaafu mikono ilikataa kukaa bure, akawa anajalidi vitabu vya shule vya mtaa mzima kwa sindano na uzi kwenye meza yetu ya jikoni. Mezani kwetu hakuna mtu aliyekula bila kwanza kusogeza gundi.

Halafu kuna gari. Ni la zamani, jeupe, milango miwili, limekaa chini kiasi kwamba wageni wanene wanahitaji kuvutwa mkono ili watoke. Alilinunua likiwa gofu na kulifufua kidogo kidogo. Ukiliona linapita unadhani ndani yumo kijana aliyepata pesa za ghafla. Kumbe yumo mzee wa miwani, kavaa sweta, redio kazima ili asikie vizuri.

Asikie nini? Matairi. Injini hakuijali sana, wala rangi. Mapenzi yake yote yalikuwa kwenye matairi. Yeye hakufunga ya kawaida kama sisi wengine. Alifunga yale mapana, yenye ubavu mfupi, ya mpira laini unaong'ang'ania lami kwenye kona. Na kuishi na matairi ya namna hiyo ni kama kuishi na mgonjwa anayechagua chakula. Hayataki barabara ya changarawe, maana yakishapata moto yanaokota kila kijiwe na kukirusha chini ya gari. Hayataki mashimo, maana ubavu ni mfupi na rimu inapinda. Asubuhi yenye baridi yanateleza mpaka yapashwe moto polepole, kwa hiyo gari lenye sura ya mashindano lilikuwa linatoka getini kwa mwendo wa bibi harusi, na waendesha baiskeli wanalipita wakicheka. Mvua ikinyesha, ndiyo kabisa. Na yanaisha upesi. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema katika nyumba hii kuna mke mkubwa na yeye ni mdogo.

Kisha kuna watu wa barabarani. Kwa vile matairi yale yana ubavu mfupi, kila mpita njia anaamini yamekosa upepo. Nimechoka kuwajibu. Tukisimama sokoni, mtu anagonga kioo: "Mzee, tairi lako limelala." Kituo cha mafuta, kabla hujafungua mlango, mtu ameshashika mpira wa upepo anataka kujaza mpaka ligeuke jiwe. Baba hakuwahi kumkasirikia hata mmoja. Alishukuru, akawaonyesha kipimo chake, akaondoka. Upepo alipima mwenyewe uani asubuhi kabla jua halijapiga, akiwa amekaa kwenye kigoda, na baada ya hapo alichokoa vijiwe kwenye mifereji ya tairi kwa bisibisi kuukuu, kimoja kimoja, kama mtu anayechambua mchele.

Na wala hakuwa mtu wa mbio. Kwenye barabara iliyonyooka mabasi yalimpita yanavyotaka. Lakini nyuma ya kiwanda cha unga kuna kona moja ndefu, inazunguka ukuta wa kiwanda, lami yake nzuri. Jumamosi asubuhi, malori yakiwa hayajaanza, baba alikuwa anakwenda kuipita kona ile mara moja na kurudi nyumbani. Basi. Mwanamume mzima anatoka kitandani kwa ajili ya kona moja. Jina la Mzee Kona lilitoka hapo.

Nilikuwa namfuata nikiwa msichana mdogo, na ndipo aliponifundisha. "Tairi zuri likitaka kuachia linakuaga," alikuwa akiniambia. "Linaanza kulia kidogo, usukani unakuwa mwepesi mkononi, na wewe unapunguza. Linakupa nafasi ya kuwa na adabu." Akanionyesha pia namna ya kulijua tairi lililo hai: unakandamiza ukucha kwenye mpira. Laini linaingia na kuacha alama inayofutika taratibu. Lililozeeka linakataa ukucha, hata kama halijawahi kutembea, maana mpira wa aina ile unakauka hata ukiwa umekaa rafuni. Hakuna tairi alilowahi kununua bila kulipiga ukucha kwanza mbele ya muuzaji.

Isipokuwa yale ya kaka yangu.

Kaka anauza matangi ya maji, ana duka kubwa na ulimi mzuri. Siku moja alikuja akaomba gari la baba akalioshe. Alilirudisha mchana limefungwa matairi mapya manne, aina ileile anayoipenda baba, yanang'aa kwa mafuta, bado yana vile vinyweleo vya mpira. Zawadi. Ya zamani kayaacha kwa fundi. Baba alisimama uani ameshika miwani, machozi yakamlenga. Katika familia yetu hakuna mtu aliyewahi kumpa baba tairi. Tulikuwa tunampa soksi.

Sasa zawadi ya mwanao unaipigaje ukucha mbele yake? Utaonekana unamchunguza, unamtilia shaka. Baba akamshika kaka mkono kwa mikono yake miwili, akasema asante, na ukucha ukabaki mfukoni. Hata kaka alipoondoka hakuupiga. Nilimuuliza juzi kwa nini, akaniambia angejiona mwizi.

Wiki zile za mwanzo alisema gari limekuwa gumu kidogo. "Bado mapya," akajijibu mwenyewe. "Yakizoea yatalainika."

Jumamosi moja wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa amelala kwetu, na baba akajitolea kumrudisha kwake. Njia inapita kiwanda cha unga. Lami kavu, jua limetoka, matairi yamepata moto. Akaiingia kona ile kwa mwendo uleule alioingia nao miaka yote, wala si zaidi, wifi mwenyewe anashuhudia walikuwa wanaongea habari za mapazia. Gari halikulia. Usukani haukusema kitu. Mkia ukatoka ghafla, wakazunguka, wakasimama ubavu ukigusa ukuta wa kiwanda, uso umeangalia walikotoka. Wifi aligonga paji la uso kwenye kioo, likavimba. Hakuna aliyeumia zaidi ya hapo, na namshukuru Mungu kwa hilo kila siku, sitaki mtu aseme nimelichukulia jambo hili kwa wepesi.

Walipofika kwa kaka, nami nikaitwa. Nilimkuta baba sebuleni amesimama. Alikataa kukaa. Nyumba ni ya mwanawe, kochi ni la mwanawe, na yeye amesimama katikati ya zulia kama mtu aliyeletwa kwa mjumbe wa mtaa. Akamgeukia mkwe wake, ambaye kwa heshima hata macho huwa hamkazii, akasema, "Mama, nimekukosea. Nimehatarisha maisha yako. Mikono yangu imekwisha na sikujijua." Akamgeukia kaka. "Naomba unisamehe kwa mke wako."

Wifi alikuwa analia, anasema baba kaa, baba basi. Kaka alikuwa ameegemea kabati. Akasema, kwa sauti ya upole sana, "Tumekusamehe, baba. Ila ndiyo uone. Umri umekwenda." Baba akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya meza.

Ningekuwa naandika habari ya mzee aliyepumzika kwa amani ningeishia hapo. Lakini mimi ndiye ninayeishi naye, na niliyoyaona baada ya hapo sikuyapenda. Alianza kwa kwenda kunyolewa ndevu kwa kinyozi, mtu aliyejinyoa kwa wembe maisha yake yote. Nikamuuliza, akasema wembe na mikono hii haviaminiani tena. Akaacha kujalidi. Watoto wa watu wanaleta vitabu, anawaambia sindano imempotea, na sindano naiona iko kwenye kikopo chake. Chai akawa ananiomba nimmiminie, tena nusu kikombe, asije akajimwagia. Akipita koridoni anapapasa ukuta. Kwa macho yangu mikono ile ilikuwa haina kasoro yoyote, lakini nani anisikilize? Mwenyewe alishahukumu. Kwa hesabu yake, gari lilisema kitu na yeye hakukisikia, kwa hiyo ni yeye aliyekuwa kiziwi.

Kaka akaanza kusema gari liuzwe, linaozea bandani kwetu tangu alipolirudisha. Baba akasema sawa. Nikaenda kuliosha ili mnunuzi asilidharau. Nilipofika kwenye gurudumu la mbele nikapangusa lile vumbi, na bila kufikiri, kwa mazoea tu ya utotoni, nikakandamiza ukucha.

Ukucha ulikunjika.

Nikajaribu pembeni. Nikajaribu la nyuma. Nikajaribu yote manne, na ukucha wa kidole cha shahada ukavunjika. Ilikuwa kama nagonga dawati. Tairi lina tarakimu nne zinazosema wiki na mwaka lilipotengenezwa, na upande wa nje sikuziona. Nikalala chini na kioo changu cha poda, nikamulika kwa simu, nikazisoma zimefichwa upande wa ndani. Matairi yale mapya yalitengenezwa kabla kaka hajaoa. Leo kaka ana watoto wanaokwenda shule.

Sikubadilisha hata nguo. Nilikwenda dukani kwake na matope magotini, nikamkuta anamweleza mteja ubora wa tangi. Nikasubiri amalize, nisije nikaonekana mimi ndiye nisiye na adabu.

"Yale matairi uliyatoa wapi?" nikamuuliza.

"Ghalani kwa jamaa mmoja. Kwani vipi?"

"Yalikaa huko muda gani?"

Akapanga risiti zilizokuwa zimepangika. "Jamaa alisema yamekaa kidogo. Lakini hayajawahi kutembea, dada. Yalikuwa mapya."

"Ulijua kwamba ni ya zamani."

"Nilijua yamekaa. Tairi ni tairi."

Mpaka hapo, nasema kweli, ningeweza kumsamehe. Watu wengi wanaamini tairi ni tairi, wanaamini mpira ukiwa mweusi na unang'aa basi ni mzima. Ujinga si dhambi. Nikamuuliza swali la pili. "Na baba alipozunguka pale kiwandani, haikukujia kwamba ni matairi?"

Akaangalia mlangoni kama kuna mteja. Hakukuwa na mteja.

"Ilinijia," akasema. "Fundi aliyeyafunga alikuwa ameniambia. Alisema hayo ni magumu, mwambie mzee asiyaamini kwenye kona."

"Na hukumwambia."

"Ningemwambiaje? Nilishampa zawadi."

"Na siku ile sebuleni?"

"Dada, sikiliza. Mzee ana umri. Tumemsihi miaka mingapi aache lile gari, anatujibu nini? Kaacha mwenyewe, bila ugomvi, kila mtu analala usingizi. Unataka kuchokonoa nini? Acha hivyohivyo."

Kila mtu analala usingizi. Mtu anapapasa ukuta wa nyumba yake mwenyewe, anaogopa kikombe cha chai, na mwanawe analala usingizi. Nikamwambia kama baba aendeshe au asiendeshe, hilo ni jambo lake na daktari wa macho, waende wakapime na mimi nitakubali jibu lolote. Kama kuna siku ya kuacha, aache kwa sababu ya kweli. Hukumnyang'anya ufunguo, nikamwambia, umemnyang'anya mikono. Akaniambia napenda kukuza mambo tangu utotoni. Nikaondoka kabla sijasema nitakalojutia, na njiani nikajuta kwamba sikulisema.

Sikumwambia baba kwa maneno. Nilimshika mkono nikampeleka bandani, akija shingo upande, akidhani mnunuzi amefika. Nikavuta kigoda. "Kaa hapa, baba. Piga ukucha."

"Hilo ni la kaka yako."

"Piga tu."

Akaweka kidole gumba kwenye tairi, kwa woga, kama analigusa la jirani. Akakandamiza. Akatoa kidole, akakiangalia, akakirudisha. Kisha akainuka bila kushika ukuta, akazunguka gari lote akiinama kwa kila moja. Alipomaliza la nne akarudi kukaa. Muda mrefu alikuwa anasugua gumba na kidole cha shahada, vile alivyokuwa akisugua karatasi.

"Ni mbao," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Kumbe si mimi."

"Si wewe."

Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimejiandaa kwa furaha, hata kwa machozi. Akaniuliza, "Kaka yako anajua?"

Ningeweza kumficha. Nimelala na swali hili na bado nasema nisingemficha. "Anajua. Alijua tangu alipoyafunga."

Baba akainamisha kichwa. Hakutukana, hakugonga kitu. "Lakini alisema amenisamehe," akasema, polepole, kama mtu anayerudia anwani asiyoielewa. "Nilisimama mbele ya mke wake nikaomba samahani, na yeye akaipokea." Akavua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa. "Waite waje. Wote wawili. Asije peke yake."

Walikuja Jumapili. Kaka alikuwa amevaa vizuri na uso wa biashara, wifi amebeba mfuko wa matunda, ule uvimbe umeshapona. Hakujua lolote, niliona usoni mwake kwamba hajaambiwa. Baba aliwapokea, akawakaribisha viti, akauliza habari za watoto. Mezani nilikuwa nimepanga vikombe na chupa ya chai. Pembeni, mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kulikuwa na kitabu cha mtoto wa jirani, nusu kimeshonwa, sindano ikining'inia.

Kaka ndiye aliyeanza. Ameshajua kwamba mimi nimesema, na kwa muuza matangi kila kitu kina dawa. "Baba, kuhusu yale matairi, nimeshaongea na watu. Nitakuletea mengine. Mapya kabisa, ya mwaka huu, uyachague mwenyewe."

"Sina shida ya matairi," baba akasema. "Kuna kitu changu kiko kwako."

"Kitu gani?"

"Samahani yangu. Nilikupa mbele ya mke wako. Nataka unirudishie, mbele yake vilevile."

Wifi akatua mfuko wa matunda. Alimwangalia baba, akaniangalia mimi, kisha akamgeukia mumewe. "Samahani gani anayoisema baba? Una nini cha kumrudishia?"

Kaka akanitazama. Tangu utotoni alikuwa akinitazama hivyo akitaka nimsaidie kusema, na nilikuwa nikimsaidia. Safari hii niliangalia vikombe. Nikanyoosha mkono nimimine chai, baba akanizuia. Akaichukua chupa mwenyewe.

"Mpe nafasi," akaniambia. "Anataka kuongea na mkewe."

Kaka akasogeza kikombe chake pembeni. "Ile siku ya ajali," akamwambia mkewe, "mzee hakuwa na kosa."

Baba akamimina kikombe cha mkwe wake mpaka ukingoni, akamsogezea, na hata tone halikuanguka kwenye kisahani.